Watu wa Ndoo: Historia ya Kazi ya Kung'arisha Magari na Mashujaa Wake Wasio na Majina

Fungua simu yako sasa hivi, ingia Instagram au TikTok, humalizi dakika kumi hujakutana nayo. Ile video ya jamaa anapuliza povu jeupe mpaka gari lote linapotea, halafu anasuuza, anashika mashine, anaipitisha kwenye boneti. Nusu ya boneti imepauka kama kiatu cha mwanafunzi mwisho wa muhula. Nusu nyingine unaweza kujitazama ukachana nywele. Chini kule watu wanauliza swali moja tu: bei gani?

Kazi hiyo inaitwa diteilingi. Ni tofauti na kuosha gari. Kuosha ni kutoa uchafu. Diteilingi ni kulipitia gari kipande kwa kipande, kuanzia rangi, taa, rimu, siti, mpaka kale kanafasi ka kwenye matundu ya AC ambako vumbi limejificha tangu gari lishuke melini.

Vijana wengi wa mjini wanaitaka hii kazi, na wengi wanaamini imekuja juzi pamoja na simu zenye kamera nzuri. Kumbe ina zaidi ya miaka 100. Imepita kwenye mazizi ya farasi Ulaya, ikapita Detroit na Chicago, ikaingia kwenye wimbo uliopanda mpaka namba moja Marekani, ikafika Dar na ikasimama kwenye maji ya Ziwa Victoria. Kote huko imebebwa na watu ambao majina yao hayapo popote. Ukiwaona kwenye picha za zamani wapo pembeni ya gari, wameinama, sura haionekani. Jina lililoandikwa chini ya picha ni la gari au la tajiri mwenye gari.

Hii ni stori ya hao walioinama.

SHERIA TATU ZA VIJANA WA ZIZINI

Kabla ya gari la injini kulikuwa na gari la kukokotwa na farasi. Kwenye miji kama London na Paris, tajiri alikuwa na gari lake lililopigwa vanishi tabaka juu ya tabaka mpaka linang'aa. Hiyo vanishi ilikuwa ghali na ilikuwa laini, ikikwaruzwa imekwaruzika.

Nani alikuwa analitunza? Vijana wa zizini. Wanalisha farasi asubuhi, wanazoa kinyesi, na gari likirudi na matope usiku wanaliosha wao kwa taa ya mafuta. Ukikosea ukachubua vanishi ya bwana mkubwa, kazi huna.

Kwa hiyo wakajifunza vitu vitatu. Kwanza, usiache tope likaukie kwenye rangi. Pili, mwaga maji ya kutosha kulainisha mchanga kabla hujagusa kitu chochote kwa sifongo. Tatu, usioshe gari juani, maji yakikauka yenyewe yanaacha alama. Wakimaliza wanakausha kwa ngozi laini ya mnyama.

Sasa nenda kamuulize mtu wa diteilingi yeyote mzuri wa leo, mwenye mashine za kila aina. Kitu cha kwanza atakachokufundisha ni hivyohivyo vitatu.

DETROIT, CHICAGO NA UJANJA WA NUSU BODI

Magari ya injini yalipoanza kujaa Marekani, kazi ikahama zizini ikaingia mtaani. Mwaka 1914 pale Detroit, mji wenyewe wa magari, ilifunguliwa sehemu iliyoitwa "Automobile Laundry", yaani dobi la magari. Hapakuwa na mashine. Gari lilisukumwa kwa mikono kutoka kituo kimoja kwenda kingine: mmoja anapaka sabuni, mwingine anasuuza, mwingine anakausha. Ni kama kiwanda, tofauti ni kwamba mashine zilikuwa watu.

Halafu kikatokea kitu kilichobadilisha kila kitu, nacho ni rangi.

Mwanzoni kupaka gari rangi kulichukua wiki nzima, wakati mwingine zaidi, kwa sababu kila tabaka lilisubiriwa likauke. Mwaka 1923 kampuni ya General Motors ikaanza kutumia rangi mpya ya DuPont iliyoitwa Duco kwenye magari yake ya Oakland. Ilikauka haraka sana na ilipulizwa badala ya kupakwa kwa brashi. Ghafla magari yakaanza kutoka kwa rangi nyingi nzuri.

Lakini Duco ilikuwa na tabia yake. Ikikauka haing'ai yenyewe, mpaka isuguliwe. Na ikikaa juani inapauka, mpaka isuguliwe tena. Hapo ndipo polishi na nta vikawa biashara kubwa. Gari lilikuwa linahitaji mtu wa kulisugua, na mtu huyo alihitaji kujua anachofanya.

Chicago miaka ya 1940 kulikuwa na jamaa aliyetengeneza polishi yake mwenyewe, anaikorogea kwenye beseni la kuogea nyumbani. Hakuwa na hela ya matangazo. Inasimuliwa kwamba alikuwa anakwenda sehemu magari yameegeshwa kwa wingi, anachagua gari, anang'arisha sehemu moja tu ya bodi, halafu anakaa anasubiri. Mwenye gari akirudi anakuta kipande kimoja kinang'aa na gari lote limepauka. Unafanyaje? Unanunua chupa. Kampuni ya yule jamaa leo inajulikana dunia nzima kwa jina la Turtle Wax.

Umeiona hiyo? Ile picha ya nusu boneti inayotesa watu Instagram sio ujanja wa kizazi hiki. Ilikuwepo kabla ya TV kufika Tanzania. Kilichobadilika ni kwamba zamani ilionwa na mtu mmoja mwenye gari, leo inaonwa na watu elfu kumi.

WIMBO ULIJULIKANA, WALIOIMBWA HAWAKUJULIKANA

Mashine zilikuja. Mwaka 1951 pale Seattle ndugu watatu walianzisha sehemu ambayo gari linavutwa, linapuliziwa sabuni, linasuguliwa na kukaushwa bila mkono wa mtu. Wengi wakasema sasa muosha magari amekwisha.

Hakwisha. Mashine ilikuwa na haraka lakini haikuwa na macho. Haikuona kinyesi cha ndege kilichokaa siku tatu, haikuona mkwaruzo. Na brashi zake zenyewe zilikuwa zinachora rangi. Kwa hiyo watu wa kitambaa walibaki, hasa mwisho wa mstari, wakifuta na kumalizia. Wengi wao kwenye miji mikubwa walikuwa Wamarekani weusi na wahamiaji, watu ambao milango mingine ya ajira haikuwafungukia kirahisi.

Mwaka 1976 ikatoka filamu ya "Car Wash", inayoonesha siku moja ya wafanyakazi wa sehemu ya kuoshea magari Los Angeles. Wimbo wake uliopigwa na bendi ya Rose Royce ukapanda mpaka namba moja kwenye chati za Marekani Januari 1977. Kizazi kingine kikaujua mwaka 2004 ulivyorudiwa na Christina Aguilera na Missy Elliott kwa ajili ya katuni ya "Shark Tale".

Dunia nzima imecheza huo muziki kwenye harusi na kwenye klabu. Ila muulize yeyote amtaje muosha magari mmoja wa miaka hiyo. Hakuna atakayeweza.

BONGO: KUTOKA MZURURAJI MPAKA MJASIRIAMALI

Sasa rudi huku nyumbani. Tanzania ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, gari binafsi lilikuwa la watu wachache sana. Fedha za kigeni hazikuwepo, mafuta yalikuwa shida, na kuna kipindi magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mengi ya magari yaliyokuwa barabarani yalikuwa ya serikali na mashirika ya umma, na aliyeyaosha ni dereva mwenyewe, kwa fahari, maana gari la ofisi lilikuwa heshima yake mtaani.

Wakati huohuo vijana walikuwa wanaingia Dar kutoka mikoani kutafuta maisha. Ajira hakuna. Mtu anabuni kazi: kung'arisha viatu, kuuza karanga, kubeba mizigo, kushika ndoo na kitambaa karibu na magari yalipoegeshwa.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Lengo lilikuwa kila mwenye uwezo afanye kazi. Lakini mtaani maana yake ilikuwa nyingine kabisa. Msako ukipita, mtu asiye na kitambulisho cha kazi inayotambulika anaonekana mzururaji, anakamatwa, anaweza kurudishwa kijijini. Kwa kijana wa kazi ndogondogo, jasho lake la kutwa halikuhesabika kuwa kazi. Ndoo haikuwa kitambulisho.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 biashara ikaanza kufunguliwa, na enzi za Mzee Ruksa mji ukabadilika. Mitumba ikaingia, ya nguo na ya magari. Kidogokidogo magari yaliyotumika Japan yakawa ndiyo magari ya watu wa kawaida. Sababu zipo wazi. Japan wanaendesha kushoto na usukani upo kulia, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Pia kwao gari jipya linakaguliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Wengi wanaona bora wauze. Intaneti ilipofika, mtu akaanza kuchagua gari lake akiwa amekaa Sinza, analisubiri bandarini.

Hapo ndipo soko la diteilingi lilipozaliwa, ingawa hakuna aliyeliita hivyo. Fikiria: IST au Vitz imetumika miaka kadhaa Japan, imesafiri baharini, imefika Dar kwenye jua kali na hewa ya chumvi. Mwenye gari amedunduliza miaka kuinunua. Ni mtumba, anajua ni mtumba, lakini moyoni ni gari lake jipya. Anataka lionekane jipya. Nani atamfanyia hiyo kazi?

Ni yuleyule wa ndoo.

Vibao vya "Car Wash" vikaota kila kona, kuanzia Kinondoni na Mwenge hadi Mbagala na Tegeta. Vingine vikawekwa baa pembeni na nyama choma, mteja anakunywa huku gari linaoshwa. Mwenye eneo anajulikana, mwenye baa anajulikana. Mwenye kitambaa anaitwa tu "dogo", au "we kijana njoo". Wengi ni deiwaka, mshahara hakuna, unalipwa kwa gari uliloosha. Mvua ikinyesha siku tatu, siku tatu huna hela.

Desemba 2018 serikali ikaleta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa wale wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Watu wamevisema vizuri na wamevisema vibaya. Lakini weka miaka hiyo miwili pembeni kwa pembeni, 1983 na 2018. Mtu wa kazi ndogondogo aliyekuwa anawindwa kama mzururaji, miaka 35 baadaye anaitwa mjasiriamali. Kazi yake haikubadilika, ni jina tu lililobadilika.

KISUMU: WALIOLIPA KWA MWILI

Hakuna sehemu inayoonesha bei halisi ya kazi hii kama Kisumu, Kenya.

Kisumu ipo kwenye Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi, ufukweni pale, gari likihitaji kuoshwa linaendeshwa mpaka ndani ya maji. Vijana na wanaume wanasimama ziwani, maji yapo magotini, wanachota palepale, wanasugua palepale. Hulipii bili ya maji na huhitaji mashine ya presha, na matatu na pikapu zinapanga foleni.

Lakini maji yale yana konokono, na baadhi ya konokono hao wanatoa vijidudu vya kichocho. Kijidudu hakisubiri unywe maji, kinapenya kwenye ngozi yako ukiwa umesimama unaosha rimu. Kikishaingia kinakua minyoo inayoishi kwenye mishipa ya damu karibu na utumbo, na kwa miaka inaweza kuharibu ini. Muosha magari anasimama kwenye maji hayo kila siku ya kazi. Unamtibu leo, kesho anarudi kwenye maji yaleyale, kwa sababu nyumbani wanasubiri unga.

Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI ya Kenya na CDC ya Marekani waliwafuatilia waosha magari hawa. Walipimwa, wakapewa dawa ya praziquantel, wakapimwa tena na tena kwa miaka. Ili kujua kila mtu amegusana na maji kiasi gani, watafiti walihesabu magari aliyoosha. Yaani gari moja likawa kipimo cha hatari.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2002 kwenye jarida kubwa la kitabibu, The Lancet. Iligundulika kwamba baadhi ya watu hawa, baada ya kuambukizwa na kutibiwa mara nyingi, miili yao ilijenga uwezo wa kukataa kuambukizwa tena. Wengine hawakuupata, waliambukizwa kila waliporudi majini. Na wenye virusi vya UKIMWI walikuwa kwenye hali ngumu zaidi kuujenga uwezo huo.

Hii ilikuwa habari kubwa kwa sayansi. Wanaotafuta chanjo ya kichocho walipata ushahidi kwamba mwili wa mtu mzima unaweza kujifunza kujilinda. Elimu hiyo ilitoka kwenye damu ya watu waliokuwa wanaosha matatu. Majina yao hutayaona kwenye jarida, kwa sababu utaratibu wa utafiti unataka siri ya mgonjwa ilindwe, na ni haki yao. Lakini ukweli unabaki: mchango wao upo kwenye maktaba za vyuo vikuu duniani, na mtaani ni "wale jamaa wa kuosha magari".

Mdau, siku ukiona mtu anabishana na muosha magari kwa sababu ya buku moja, kumbuka Kisumu.

RANGI IKABADILIKA, NA ANAYEANZA LAZIMA AJUE

Rudi tena kwenye rangi, maana bila hapo mtu hawezi kutoka kwenye kuosha akaingia diteilingi.

Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vingi vilihamia kwenye mfumo wa matabaka: chini rangi yenyewe, juu yake tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita klia. Mng'ao wote unaouona kwenye gari la Japan upo kwenye klia. Na klia ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Rangi yote ya kiwandani mara nyingi ni kama maikroni 100 hadi 150, haizidi sana unene wa karatasi. Klia peke yake ni kama maikroni 40 hadi 50.

Sasa elewa kinachotokea. Mtu anachovya kitambaa kwenye ndoo moja yenye sabuni ya unga, anafuta tairi, anakirudisha ndooni, anafuta boneti. Mchanga wa tairi umehamia kwenye boneti. Kila mzunguko wa mkono unachora mistari midogo. Ukilisimamisha gari jeusi juani unaiona yote, kama utando wa buibui. Mwenye gari anasema rangi imechoka. Rangi haijachoka, imechorwa.

Ndiyo maana mtu wa diteilingi anatumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Ndiyo maana anamwaga maji mengi kwanza, anaacha povu lilainishe, halafu ndiyo anagusa. Sheria za vijana wa zizini, zilezile. Na Dar ana shida nyingine: visima vingi vina maji ya chumvi. Maji hayo yakikaukia kwenye rangi yanaacha madoa meupe, na yakikaa muda mrefu yanakula klia. Kwa hiyo kukausha haraka kwa taulo laini kunailinda rangi.

Njia ya anayeanza mara nyingi inafanana. Anaanza kama deiwaka. Anaosha, anaangalia. Wenzake wanaona gari, yeye anaanza kuona rangi: ipi imepigwa upya gereji, ipi ya kiwandani, ipi imepauka mpaka klia imeanza kubanduka ambayo hakuna polishi itakayoiokoa. Jicho hilo haliuzwi dukani.

Kisha anatafuta kazi ndogo yenye matokeo makubwa, na karibu kila mtu huanguka kwenye taa. Taa za mbele za magari ya siku hizi ni za plastiki, sio kioo. Zinatoka kiwandani na tabaka la kuzuia jua, jua likilila taa inakuwa ya njano na ukungu. Anayejua anasugua kwa msasa wa maji, anaanza na mkwaruzo mkubwa kiasi anashuka mpaka laini kabisa, anapiga polishi, halafu anaweka kinga mpya. Hiyo ya mwisho ndiyo wengi wanairuka. Wale wa kupaka dawa ya meno wanaonekana wachawi siku hiyo, baada ya muda mfupi taa inarudi njano na mteja anarudi na hasira.

Halafu inakuja mashine, na hapa ndipo wengi wameumia. Kuna mashine inayozunguka tu. Inafanya kazi haraka, lakini joto linapanda sehemu moja, na ukiikalisha sekunde chache kwenye kona ya boneti klia inaondoka. Ikiondoka imeondoka. Hapo anayeanza analipa boneti nzima ipigwe rangi upya, mtaji wote umekwenda. Ipo nyingine inayozunguka huku ikitikisika, inasambaza joto, inamsamehe anayejifunza. Wenye akili huanza na hiyo, na huanzia kwenye boneti mbovu iliyotupwa gereji, sio kwenye Crown ya mtu.

Kuna pia udongo maalumu unaovutwa juu ya rangi iliyoloweshwa, unatoa uchafu ulionasa ambao sabuni haiuwezi. Ulienea Marekani miaka ya 1990 ukitokea Japan. Na sasa kuna seramiki, kinga ngumu inayopakwa juu ya klia. Hii inauzwa kwa maneno mengi sana. Utasikia "ugumu wa 9H, kama almasi". Sio kweli. 9H ni kipimo cha ugumu wa penseli. Seramiki nzuri inasaidia maji kuteleza na inapunguza kupauka, lakini haizuii kokoto na haizuii kitambaa chenye mchanga. Anayeanza akimdanganya mteja wa kwanza, amewafukuza kumi waliokuwa nyuma yake.

Vita ya mwisho ni bei. Mteja amezoea kuosha, anasikia bei ya diteilingi anacheka: "Kwani unanipigia rangi mpya?" Mtu anataka kulipia povu, hataki kulipia saa nane za mtu aliyepiga magoti na kijibrashi. Ugomvi huu ni wa zamani kama kazi yenyewe. Ndiyo maana yule jamaa wa Chicago hakubishana na mtu. Aling'arisha kipande kimoja, akanyamaza, akaacha gari liongee.

JINA

Tanzania leo kuna utaratibu wa urasimishaji ujuzi chini ya VETA, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani, kama mwashi, seremala au makenika, anapimwa kwa kazi yake na kupewa cheti bila kukaa darasani miaka. Ni hatua ya nchi kukubali kwamba mtaa nao ni shule. Nchi imetoka mbali tangu 1983.

Na kijana wa diteilingi wa sasa ana kitu ambacho hakuna aliyemtangulia alikuwa nacho. Ana ukurasa wenye jina lake. Anapiga picha kabla na baada. Anaandika namba yake. Kwa mara ya kwanza, chini ya picha ya gari linalong'aa limeandikwa jina la aliyeling'arisha.

Lakini alichokiandikia jina sio chake peke yake. Kumwaga maji kabla ya kugusa ni ya mtoto wa zizini. Kupanga kazi hatua kwa hatua ni ya msukuma magari wa Detroit. Kusugua rangi iliyokufa mpaka ifufuke ni ya mtu wa kitambaa ambaye mashine ilishindwa kumfuta. Kukomaa juani bila mshahara ni ya deiwaka wa Mwenge. Na kujua kwamba mwili wako una thamani kuliko gari la mteja, hiyo iliandikwa na wanaume wa Kisumu, wamesimama kwenye maji mpaka magotini.

Kwa hiyo wikiendi hii ukipeleka gari, au ukiwa umekaa pembeni unasubiri la bosi wako limalizwe, fanya kitu kimoja rahisi. Acha kumwita "we kijana". Muulize anaitwa nani.

Wewe unayeosha gari kila wiki, unalijua jina la anayekuoshea? Liandike hapo chini.